Fedha ya Shavuni

Kazi yangu ni hereni. Vipini, vikuku, mkufu uliokatika,
pete ya ndoa iliyogoma kupita kifundo cha kidole.
Hapa Gongoni hakuna aliyewahi kuniletea bunduki
mpaka Jumanne ile, Nyanzala binti Msabila
alipoilaza mezani, imeviringwa kanga
kama mtoto mwenye homa.

Gobore. Mtutu polisi walishauziba kwa chuma,
na karatasi yake alikuja nayo, ina mihuri miwili.
Kitako cha mninga, wekundu uliokomaa,
kimelambwa na kiganja kimoja miaka arobaini
hadi mti ukaota ngozi.

Akafungua pindo: rupia tatu za Mdachi,
Kaisari na kofia yake ya tai, mara tatu.
"Ziyeyushe. Uzitie hapa."
Si ubavuni, wanapopenda watu maua na nyota.
Akagusa pale mpigaji
anapolaza shavu, akafumba jicho moja.

Nikamwambia, dada, hapo pambo halionekani.
Akasema, ndiyo maana.

Fedha haigandishwi mtini. Gundi ni ahadi ya mlevi.
Unachora, unachimba kwa patasi kina cha ukucha, basi,
na kuta za shimo unazilaza kwa ndani
kama chungu: tumbo pana, mdomo mdogo.
Bamba unalipa kitambi.
Halafu ulipige polepole, kitambi kishuke,
fedha itambae pembeni, ijipenyeze chini ya mti, isitoke tena.
Mwisho, tone la maji ukingoni.
Mninga una kiu. Ukinywa huvimba,
ukivimba hufumba.

Nikavuta mvukuto. Kaisari wa kwanza akalegea masharubu,
wa pili akamfuata, wa tatu,
wakawa uji mmoja mweupe usio na taifa.

Ndipo aliposema, macho kwenye makaa.
Alfajiri ya mwaka wa njaa, msituni, kando ya Ugalla.
Kitu cheusi kimechutama juu ya mti.
Baba akadhani chui.
Alikuwa Kasele wa Sikonge, mrina asali,
rafiki yake wa kuazimana chumvi,
mkono mmoja bado umo mzingani.

Rupia hizi ndizo fidia. Baba alizipeleka.
Zikarudi, bila tusi, na kibuyu cha asali juu yake.
Mwaka wa pili akazipeleka. Zikarudi. Na asali.
"Miaka ishirini na sita. Tumekulia asali ile,
na hakuna aliyetuambia tunakula nini."

Sasa waliokuwa wakizipeleka na waliokuwa wakizirudisha
wote wako chini. Nyumba ya Kasele imetuma neno:
zisiende tena, zisirudi.
Zikae alipolaza uso.

Nilipiga mpaka adhana ya alasiri, kwa nyundo ya hereni.
Umbo hakunitajia. Nilitaka kuchora nyuki,
mkono ukakataa.
Nikaliacha bamba tupu, mviringo, kama kovu la chanjo.
Nikasugua kwa jivu, nikapaka nta.

Kisha nikaiinua. Kupima usawa tu, fundi yeyote angefanya.
Nikalaza shavu.

Nje Oktoba inakaanga mabati ya Gongoni,
mbuzi wamegombania kivuli cha baiskeli,
na pale, chini ya jicho langu,
baridi.
Kidole kilichotoka kisimani sasa hivi:
Subiri. Tazama tena.

Tulipatana elfu nane. Aliponyoosha noti nikamrudishia.
Akazisukuma kwangu. Nikazisukuma kwake.
Zikabaki katikati ya meza, juu ya vumbi la mninga,
tukatazamana, na yeye ndiye aliyeanza kucheka.

Nikazitia mfukoni haraka,
kabla haijawa desturi.