Kuhesabu Bluu

Saa kumi na moja alfajiri. Moshi imejikunyata kwa baridi ya mlimani.
Nafungua kabati la joto: nyuzi thelathini na saba,
joto la mtoto aliyelala vizuri.
Humo mna kipande cha koo la mzee Ndetaulwa wa Kibosho,
kilichokatwa Machi, fomu ikatiwa dole gumba.
Kinakula. Kinagawanyika. Kinanenepa,
na mwenyewe, wodini, mtori unamrudi
hata ukichujwa kwa kitambaa.

Usiku umeme ulikatika.
Nilikesha na jenereta, nikilinda uhai
wa kitu ninachotaka kukiua.
Mama akauliza kwenye simu: Aikande, unalea adui?
Namlea, mama, tena namshibisha.
Akifa kwa njaa, dawa itasifiwa bure.

Sahani ina vishimo tisini na sita.
Safu ya kwanza, maji tupu.
Ya pili, gome la msesewe, lilelile la kutilia mbege ukali,
limechemshwa, limechujwa, limekauka
likawa unga usiojaza kijiko.
Ya tatu nusu yake, ya nne nusu ya nusu,
hivyo hivyo hadi uchungu ukabaki jina.

Natia tone la bluu.
Aliyekufa huipokea rangi.
Aliye hai huikataa.
Jicho kwenye hadubini, kidole kwenye kihesabio:
bluu, bluu, angavu, bluu,
safu ya pili nzima imevaa sare.

Elifuraha, mwanafunzi wetu, akaruka:
Dada, zimekufa!

Zimekufa.
Hata jiki inaua, Elifuraha. Hata maji ya chai.
Kuua si kazi, panga halikusomea.
Kazi ni kubagua.

Nikavuta sahani nyingine, ile nisiyoipenda:
seli njema za koo lilelile, za pembeni mwa uvimbe,
zisizo na kosa na mtu.
Bluu.
Bluu, bluu, angavu, bluu.
Elifuraha akaenda kuosha chupa zilizokwisha oshwa.

Niliendelea, kwa kuwa safu hazijaisha.
Kwenye ya tano kidole kilichelewa.
Mbaya: sitini na moja kwa mia, bluu.
Njema: tisa.
Nikahesabu tena. Sitini. Kumi na moja.
Nikaandika kwa kalamu ya wino, chini yake nikaandika:
mara moja si mara. Rudia Jumatatu. Rudia na Jumatatu ya pili.

Mchana nilipita wodini, sikuwa na la kusema.
Mzee alikuwa ameegemea mto, kikombe kimejaa, kimepoa.
Kile changu, akanong'ona, bado kinakula?
Kinakula, baba.
Akacheka bila sauti, mkono kooni.
Basi kinanishinda.
Kisha, nilipofika mlangoni:
gome mlibandua upande gani wa mti?
Msiuzungushe kisu. Utakauka.