Sentimita Mbili za Marhamu

Saa nane za usiku Badri aliniita kwa jina, Eteri,
si "wewe" wala "mama,"
nikajua.

Uso umewiva kama nyanya ya Agosti,
jasho limejaa hadi kwenye mikunjo ya masikio,
na chini ya mtulinga, pale habari zinapokomea,
ngozi ya kuku aliyenyonyolewa: baridi, vipele.
Mtu mmoja, misimu miwili.
Mpaka wake naujua kwa kidole tangu mwaka ule
bati la paa lilipomtelezesha
na mvua ya Ozurgeti ikaendelea kunyesha tu.

"Kichwa," alisema. "Kinagonga kama mlango wa mdaiwa."

Nilipima chai kiwandani miaka kumi na tisa.
Mizani haidanganyi; hudanganya anayeisoma.
Kawaida yake Badri ni tisini kwa sitini,
presha ya mtu asiye na haraka na mtu.
Usiku ule kifaa kilikoroma, kikatema
mia moja tisini na nane,
na moyo, badala ya kukimbia, ukajikokota,
arobaini na sita,
mzima moto anayepanda ngazi taratibu.

Nikamketisha. Miguu ikaning'inia.
Nikafungua mkanda, vifungo, soksi.
Mrija wa mkojo u wazi, mfuko unajaa vizuri.
Sikuona kosa.
Mwili wake ulikuwa unapiga kelele kutoka chini
na haukuwa na njia ya kusema ni wapi.

Hospitalini, daktari kijana, Tornike,
shati bado lina mikunjo ya pasi ya mamake:
"Ni presha tu. Baba yangu hufika mia na sabini
na anaagiza kahawa."
"Baba yako ana shingo nzima," nilimwambia,
nikampa kadi.
Aliisoma. Akairudia. Masikio yakamwiva,
na kwa hilo nilimsamehe.

Tsisana, nesi, akakamua marhamu kwenye kikaratasi,
sentimita mbili, nyeupe, kama dawa ya meno:
hupakwa kifuani, mishipa ikalegea,
na presha ikishuka, unaifuta. Basi.
Mkono wake ulikuwa njiani
Tornike alipouliza, macho bado kwenye kadi,
"Siku mbili hizi, amemeza kidonge kingine chochote?"

Badri akatazama dari.
Nami nikatazama viatu vyangu.

"Juzi usiku," alisema. "Kile cha bluu."

Kikaratasi kikasimama hewani.
Tsisana akauma mdomo; nilimwona.
Miaka ishirini na mbili ya ndoa, nilitaka kusema,
na nyama ya kuku kwa jozi, na gauni la kijani,
lakini nani alikuwa ameuliza hayo?
"Hiyo na hii zikikutana," Tornike akasema, hana kicheko,
"presha haishuki. Inaporomoka."
Marhamu ikatupwa na kikaratasi chake.

Kaptopril, basi, chini ya ulimi.
Tukasubiri. Mia na tisini. Mia na themanini na saba.
Namba zilishuka kama mgeni asiyetaka kuondoka.

Ndipo nikamwinua paja ili ninyooshe shuka,
na kikaanguka sakafuni, kikazunguka, kikatulia:
kifungo cha kijani.
Chini ya paja, duara jekundu lenye matundu manne.
Siku mbili alikuwa amekalia gauni langu,
na mimi niliyemgeuza kila asubuhi sikuona.

Mia na hamsini. Mia na ishirini.
Kisha dawa, iliyokuwa haijamaliza kazi, ikazidisha,
themanini, sabini na nane,
tukamlaza upesi, miguu juu ya mto,
naye, mweupe sasa kama kikaratasi kile,
akafungua jicho moja:
"Ulikishona vibaya."

Kwenye kadi, chini kabisa, nimeongeza kwa kalamu:
Kabla ya marhamu, uliza kidonge cha bluu.
Mwulize yeye.
Kifungo bado kiko mfukoni mwa koti.
Gauni linasubiri uzi.