Misumari ya Makupa

Alfajiri napandisha mlango wa chuma wa Ami Shaame,
unakohoa kutu hadi barabarani.
Inchi tatu, inchi nne, ya bati, ya mbao:
napima misumari kwa kilo, sipunji hata mmoja.

Mafundi hunitania, “Mpemba, hebu sema tena ‘nkono’!”
Nasema.
Wakishacheka hununua na kitasa.

Ami hanilipi. Huniwekea.
“Zako zipo, mwanangu, kwani mie n’nani kwako?”
Daftari lake la kijani hulala naye, chini ya mto.

Juzi mama kapiga simu kutoka Wete:
“Wala vizuri?”
Nala, mama.
“Na wapata?”
Nikaitazama mizani,
vitanga vyote viwili vitupu,
vimelingana.