Dawa ya Julai

Loresho, Julai. Jua limechukua likizo bila barua.
Mplamu umesimama uchi nyuma ya tangi la maji,
hauna jani, hauna haya.
Gathoni kachungulia juu ya ua wa kayaba:
"Huo umekufa, Mama Syombua. Kata upate kuni."

Sikumjibu. Niliukwaruza kwa ukucha wa gumba,
mahali padogo tu, kama unavyofunua
jicho la mgonjwa aliyelala.
Kijani.
Rangi ya kunde mbichi, na unyevu juu yake.

Basi nimevaa koti la mvua la Musembi,
mikono imenipita shubiri nzima;
glavu, miwani, leso puani.
Daftari lake nimelitia ndani ya mfuko wa nailoni:
mafuta, vifuniko viwili. Maji, lita tano. Koroga.
Upepo ukivuma, acha.
Macho ya mti yakishavimba, acha.
Na pembeni, kwa penseli: mwaka jana nilichelewa.

Hakuwahi kuandika mengi zaidi ya hayo, hata kwangu.

Kwenye maungio ya matawi wamejipanga wadudu gamba,
kimya, kama vifungo vya shati la mtu mwingine,
kila mmoja na mdomo wake ndani ya mshipa.
Mayai ya utitiri yamejibanza nyufani, mekundu,
yakingoja Septemba.
Hayana haraka. Yanajua majani yatarudi
kabla mimi sijasadiki.

Napiga pampu. Ukungu wa dawa
unaingia katika ukungu wa asubuhi,
hujui upi wa Mungu, upi wa duka la Kangemi.
Tawi kwa tawi, hadi kwapani mwa matawi,
mpaka gome ling'ae, lianze kuchuruzika.
Nyuki hawapo, hakuna ua la kuwaita.
Ndiyo maana ni sasa:
mti huoshwa usingizini,
kama mtoto aliyerudi na matope
akasinzia kabla ya beseni kujaa.

Waridi la langoni nalo limepata salfa yake,
harufu ya yai lililosahauliwa.
Limenirarua koti. Halikushukuru.

"Sasa unapaka maiti mafuta?" Gathoni tena,
kikombe cha uji mkononi, moshi wake ukipanda.
"Vifuniko viwili," nikasema,
naye akacheka, nami nikacheka,
mara ya kwanza tangu Machi
nikasikia sauti yangu ikigonga ukuta wa tangi.

Mgongo unauma. Pampu nimeisuuza mara tatu,
maji ya suuza nikayamwaga mbali na sukuma wiki.
Nikachukua penseli ile, na chini ya nilichelewa
nikaandika tarehe.
Sikujua niongeze nini.
Nikaongeza: baridi kali. Chini ya gome, kijani.
Halafu, kwa sababu nafasi ilibaki,
nikaandika jina langu.