Daftari la Mtaro

Mimi ndiye niliyekabidhiwa daftari,
kwa sababu mwandiko wangu unasomeka
na kwa sababu, walisema, sina ndugu hapa Walukuba
wa kuniomba nimkopeshe kisirisiri.

Ukurasa wa kwanza: Naigaga, muuza mandazi, elfu mbili.
Isabirye wa pikipiki, elfu tano, akadai risiti.
Candiru hakuwa na kitu.
Kesho yake alikuja na sururu ya marehemu mumewe,
mpini umefungwa mpira wa baiskeli,
akachimba hadi wanaume wakaona haya kupumzika.
Ndipo nikachora safu nyingine pembeni, nikaiita: mikono.
Ikajaa upesi kuliko safu ya fedha.

Nyumba hizi zilijengewa wafanyakazi wa viwanda.
Viwanda vikanyamaza, nyumba zikabaki na kutu yake,
na maji ya mvua yakaizoea njia ya mlangoni:
yaliingia bila hodi, yakapanda kitandani,
yakaondoka na viatu vya shule.

Manispaa iliahidi kalvati na saruji.
Tuliandika barua nne. Nakala zimo humu,
zimebanwa kwa pini ya nywele.
Ya tano hatukuiandika. Tuliichimba.
Tulipofika mita mia mbili, lori likaja,
na mhandisi kijana, Balikowa,
akapima mtelemko, akakuna kichwa, akasema,
"Hapa maji yangerudi kwenu kulala."
Tukafukua upya wiki mbili nzima.
Nimeliandika hilo pia; aibu nayo ni gharama.

Kibanda cha Naigaga kilikuwa katikati ya ramani.
Hakuna aliyethubutu kumwambia.
Tulinunua mandazi tu, kila mtu akitafuna kimya.
Siku ya tatu akauliza mwenyewe, "Hatua ngapi?"
"Tatu."
Akakisogeza nne.

Ukiandika haraka, mtaa na mtaro
hukaribia kuwa neno moja.
Nimekosea mara nyingi humu. Sikufuta.

Mvua ya kwanza ilikuja usiku wa manane.
Tukatoka na tochi, wengine na shuka mabegani,
tukasimama ukingoni kama wazazi nje ya wodi.
Maji yakaja, mekundu, yamebeba chupa na ndala moja,
yakatupita mbio kama mtu asiyetujua,
yakaelekea ziwani.
Isabirye akapiga makofi, kisha akajishtukia.
Candiru alicheka peke yake, muda mrefu.

Mwezi haukuisha.
Mwenye nyumba wa safu ya pili akapandisha kodi elfu kumi:
"Mtaa sasa umependeza."

Nimeligeuza daftari, nimeanzia upande wa nyuma.
Kichwa cha ukurasa bado sijakiandika.
Jina la kwanza ni Candiru,
na mkabala nalo, kama alivyoniagiza,
safari hii nimeandika: mdomo.