Kabla ya Arobaini

Siku ya kumi na tisa Siwema katoka ndani na kichanga,
Mbagala Kizuiani mpaka Temeke, chumba changu
chenye pazia la kijani na feni inayolalamika.
Nyuma yake mkwewe, Bi Mwanakombo, kanuna:
“Arobaini haijatimia. Kishimo tu hicho,
na vinyweleo. Alama ya baraka.”

Kishimo. Juu kidogo ya mfereji wa makalio,
ncha ya kidole changu ingetosha kukificha.
Na kishungi cha nywele, cheusi, laini,
kama fundi cherehani aliyesahau kukata uzi.

Chupa ya jeli nimeikumbatia kwapani toka saa mbili
isije ikamshtua.
Mlaze kifudifudi, namwambia, juu ya khanga.
Mpe kidole anyonye.

Mashine hii haina macho. Inabisha hodi
kwa sauti ambayo sikio halisikii,
kisha inangoja nani kaitika.
Na mgongo wa kichanga bado unaitika:
pingili zake ni gegedu, nyama ya dafu.
Miezi mitatu, minne, dafu litakomaa liwe nazi,
tutabisha, tutabisha,
mfupa utafunga mlango.

Natafuta ugwe.
Huo hapo, unashuka mweusi kati ya mistari myeupe,
unachongoka kama penseli.
Ulipaswa kukomea pingili ya pili ya kiuno,
na chini yake mishipa midogo ielee,
icheze kila moyo unapopiga.

Nahesabu toka ubavu wa mwisho.
Nahesabu tena toka mkiani, nikipanda.
Mara ya tatu nahesabu kwa midomo, kama mtoto wa chekechea.
Ya nne.
Ncha iko pingili ya nne,
na uzi unaoishikilia ni mnene, umekaza
kama kamba ya kuanikia iliyolemewa na mablanketi.
Moyo unapiga, nauona mshipa ukipwita.
Mishipa midogo haichezi.

Keko, miaka ile, nililala godoro moja na kaka yangu Mbaraka.
Kila asubuhi godoro lilianikwa uani
na mtaa mzima ukalisoma.
Miaka kumi na nne, kikojozi.
Walimfunga chura kiunoni; alilia mpaka chura akanyamaza.
Fimbo aliipata, dawa ya kunusa aliipata.
Mguu wa kushoto ulipoanza kuburuta
mwalimu alisema anaringa.
Mimi ndiye niliyekuwa namsugua mgongo kwa dodoki.
Kishimo kile nilikijua kwa vidole
miaka mingi kabla sijajua kinaitwaje,
na hakuna aliyewahi kumhesabu pingili.
Nilimcheka pia. Hilo haliandikwi kwenye fomu.

“Mbona umenyamaza, dada?”

Kusema ni kazi ya daktari. Yangu ni picha.
Lakini amenitazama,
jicho la mtu asiyelala siku kumi na tisa,
nikamwambia: mama, nimeona kitu kimemshika ndani,
kinamvuta chini kadiri anavyokua.
Wapo wanaojua kukifungua.
Barua nakupa leo. Usingoje arobaini.

Fomu inataka jina. Hana bado.
Naandika: Kichanga cha Siwema. Naandika: pingili ya nne.
Naandika: haichezi.

Bi Mwanakombo kachukua pindo la khanga,
anafuta jeli polepole, akizungukazunguka kishimo,
kishungi kimelowa, kimelala ubavu.
Hakusema baraka, hakusema mila.
“Hiyo Muhimbili,” kauliza, bila kuniangalia,
“alfajiri wanafungua saa ngapi?”

Kichanga kikachukia kufutwa.
Kikapiga teke, la kulia,
kisha, nilikuwa nalingoja, la kushoto.
Nikairudia fomu, sehemu ya maoni, mstari wa mwisho:
miguu yote miwili.