Gongo Nambari Kumi na Saba

Siku ya kumuaga walimpa tangi la maji,
lita elfu tano, jeusi, limefungwa utepe mwekundu,
na keki iliyokosea jina: Enea, badala ya Ainea.
Hakulalamika. Aliikata kwa mkunjo mfupi wa kifundo,
kama apigaye kona fupi.

Mkuu wa chuo akahesabu miaka: thelathini na mitatu.
Akahesabu vikombe: viwili vya mkoa, kimoja kina ufa.
Akasema "mafanikio makubwa," akatazama dirishani.
Mvua ya Kakamega haingoji hotuba.

Mimi nilikaa nyuma na kitu kirefu magotini,
nimekifunga kwa gazeti na kamba ya katani.

Nilipofika hapa mwaka wa tisini na moja
uwanja ulikuwa kokoto na mavi ya ng'ombe wa mhasibu.
Chokaa hatukuwa nayo.
Basi saa kumi na moja alfajiri Mwalimu Luvembe
alibeba jivu kutoka jikoni, debe kwa debe,
akachora mistari akienda kinyumenyume
kama anayemsindikiza mgeni asiyetaka kumpa mgongo.
Saa tisa mvua ikafuta.
Kesho akachora tena.

Magongo ya dukani yalikuwa kumi na moja.
Mengine aliyachonga mwenyewe, mti wa mpera,
akiyapinda kwa mvuke wa sufuria ya maharagwe,
na maharagwe tukayanuka hadi fainali.

Hakuwa mtu wa kelele. Ukikosea
alivua kofia, akaikung'uta, akaivaa.
Ikivuliwa mara mbili, benchi linakuita.
Mimi aliniita Komeo, kwa kuwa nilifunga nyuma.
Khavere alikuwa Sindano.
Jerusa, ambaye hakuwahi kufunga bao hata moja,
alikuwa Kesho.

Fainali tulishindwa tatu.
Ile ya Nakuru tulishindwa kwa penalti, vumbi machoni,
na ndani ya lori la chuo, usiku, hakuna aliyesema neno
mpaka yeye akauliza:
"Nani ana mtihani wa hisabati Jumatatu?"
Akatufundisha hesabu za sehemu gizani
hadi Timboroa, koti lake likiwa mabegani mwa Jerusa,
meno yake yakigongana kwenye robo tatu.

Siku ya kumaliza chuo niliiba gongo.
Nililiviringisha ndani ya godoro. Nambari kumi na saba.
Nilijiambia ni malipo ya magoti yangu.

Lokichar nyumba ya mwalimu haikuwa na kufuli;
gongo lililala nyuma ya mlango miaka sita.
Baadaye, Butere, lilitegemeza migomba,
likaua nyoka wawili,
likapima urefu wa wanangu kila Krismasi
mpaka wakalipita.

Keki ilipokwisha alifungua stoo
kumkabidhi kijana mpya vifaa.
Daftari lilikuwa lile lile, jalada gumu, mgongo wa gundi.
Kila Novemba, mwandiko ule ule, kalamu tofauti:
Jumla 44. Yaliyopo 43.
Na. 17, bado liko mchezoni.

Mara thelathini.
Hakuandika limepotea. Hakuandika limeibwa.
Kijana akauliza kama afute hesabu hiyo,
na Mwalimu akajifanya hakusikia.

Nikafungua kamba. Hakunitazama usoni.
Alilipima uzito, akanusa mpini,
akapitisha kidole gumba pale lilipopasuka
kwa nyoka wa pili,
kisha akanirudishia.

"Onyesha."

Nikalishika, mimi, bibi wa watu wawili,
kwa viatu vya sherehe, kati ya nyavu na ndoo za jivu.
Mvua ilikuwa imeanza kwenye mabati.

Akavua kofia. Akaikung'uta.

"Mkono wa kushoto juu, Komeo.
Miaka yote hii."